Nilivyomchinjisha Ng'ombe Mzima kwa Hadubini

Nilikosa, jamani. Nilikosa nikiwa nimevaa koti jeupe, na makosa ya mwenye koti jeupe watu huyapigia makofi.

Ilikuwa ile miaka ya foleni za sabuni na sukari. Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi pande za Endabash, kijana, mwembamba, mwenye kujipenda kama jogoo. Tukachaguliwa walimu wachache tupelekwe mjini kutembelea mahali ambapo sayansi inafanya kazi: karakana ya matrekta, kituo cha hali ya hewa, na maabara ya mifugo. Tuone kwa macho, turudi tufundishe tulichokiona.

Wazo zuri kabisa! Ubaya ulikuwa umepanda nyuma ya lori, umepaka nywele mafuta, nao ulikuwa mimi.

Karakanani nilisimama mbali nisichafue suruali. Kwenye hali ya hewa nilipiga soga. Lakini maabarani walituvisha makoti meupe. Loo! Nilijiona kwenye kioo cha dirisha nikakaribia kujiamkia.

Mtaalamu wa pale aliweka chini ya hadubini kioo chenye tone la damu ya ng'ombe mwenye ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, akatuambia tuchungulie kwa zamu. Akatangulia mwenzangu wa shule moja, Mwalimu Paskalina.

"Mimi naona kope zangu tu," akasema.

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. "Mwalimu Paskalina! Umetoka Endabash kuja kutazama kope? Si ungebaki nyumbani na kioo chako!"

Wote wakacheka. Yeye hakujali. Mtaalamu akamwonyesha namna ya kuweka jicho na kuzungusha skrubu, naye akatulia, akatazama tena. "Aa! Kumbe ndivyo vilivyo!"

Zamu yangu ikafika. Nikainama. Nikaona mistari myeusi, mirefu, iliyopinda.

"Umeona?" mtaalamu akauliza.

"Nimeona! Tena wazi kabisa!"

Baada ya kucheka vile, ningeuliza nini tena?

Tuliporudi niliwachorea walimu wenzangu ubaoni kijidudu cha ndigana, na miguu yake kama ya buibui. Paskalina akasema, "Mimi sikuona miguu." Nikamjibu, "Wewe uliona kope." Kicheko kingine. Nilikuwa hodari wa kuchekesha.

Maabara ilikuwa imetupa hadubini moja kuukuu, watoto watazamie ganda la kitunguu. Mimi nikaigeuza hospitali. Bwana mifugo alikuwa mbali na pikipiki yake haina petroli, nani angenizuia?

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Tluway, mjane jirani yangu, aliyeniletea kibuyu cha maziwa kila asubuhi. Ng'ombe wake alikuwa amepunguza maziwa. Kiangazi kile hata majani yalikuwa yamepunguza ujani, lakini nani analilaumu jua wakati kuna hadubini?

"Mwanangu mwalimu, huyu ng'ombe si wangu, ni wa watu. Nitazamie vizuri."

Mnaoishi kwetu mnajua desturi. Mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake mmoja amtunzie. Maziwa na samadi ni vya mtunzaji. Ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Na ng'ombe akiugua, lazima mwenyewe apelekewe habari upesi. Watoto wa marehemu mwanawe, Mama Tluway aliwalea kwa maziwa yale.

Nilimchoma ng'ombe sikio, nikapaka damu kwenye kioo, nikainama. Mistari myeusi ileile!

"Anao wadudu wa ndigana, mama. Tena wengi."

Akashika kichwa. "Una hakika, mwanangu?"

"Mama, mimi nimetoka maabarani!"

Habari ikaenda Qurus kwa mwenye ng'ombe. Akaja na kamba na kisu. "Sitaki kibudu," akasema. "Achinjwe angali anapumua." Akachinjwa. Kisha akamwambia yule mama mbele ya majirani, "Mkono wako haulei ng'ombe. Sitakuletea mwingine." Wengine waliokuwa na ng'ombe wa kutunzisha wakasikia.

Na Mama Tluway, jamani! Aliniletea ini, limefunikwa vizuri, kunishukuru kwa kuokoa ng'ombe wa majirani. Nikalichemsha sana, kwa usalama, nikalila. Lilikuwa tamu. Ini la mnyama mzima.

Kesho yake Paskalina aliniita ofisini. Kioo changu cha damu kilikuwa chini ya hadubini.

"Nionyeshe miguu."

Nikainama. "Hii hapa."

Akanyoosha mkono, akakiondoa kile kioo. "Na sasa?"

"Bado ipo," nikasema.

Ulimi ulikuwa umeshatoka kabla akili haijafika! Hakucheka. Afadhali angecheka!

"Twende Qurus ukaseme," akaniambia.

"Nitakwenda."

Sikwenda. Alikwenda yeye, peke yake, kwa miguu. Mwenye ng'ombe akamjibu, "Wewe unamwonea wivu mtaalamu. Aliyeona ndiye aje aseme hakuona." Mimi nikaomba uhamisho, nikapelekwa Digodigo, na huko nako wakanipokea kama mtu wa maabara. Paskalina, niliyetaka kumposa, hakuniaga. Chai nikaanza kuinywa kavu, bila maziwa, na hilo nalo nililiona adhabu! Wajukuu wa Mama Tluway walikuwa wakilamba uji mtupu.

Walimu mnaopelekwa viwandani na maabarani, nendeni! Chafueni suruali. Mkiambiwa chungulieni na hamuoni, semeni hatuoni. Mtachekwa dakika moja, na anayecheka zaidi huenda haoni kitu. Mkirudi bila kuelewa, fundisheni kitunguu, muache ng'ombe za watu.

Na wewe wa Qurus, kama gazeti hili linafika huko: sikuona kitu. Ng'ombe wako alikuwa mzima, na mkono wa yule mama ulimlea vema. Mpelekee mtamba amtunze. Mwambie mwalimu alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwako, akapiga magoti, akaungama.

Hapana. Ona, nimeanza tena! Mwambie kweli: hakuja.