Upande Mmoja Kwanza

Mume wangu Ibra ni fundi wa makabati hapa Landless, Thika, na kwa makabati sina neno naye. Kilichotaka kunipasua kichwa mwaka wa tisini na sita ni meli. Meli ya mbao, ndefu kama mkono wangu, ya kumpa baba yake.

Mzee Muzammil, mkwe wangu, alikuwa mchochea makaa ujanani kwenye meli ya ziwani kule Kisumu. Sasa alikaa Kimbo, Ruiru, kwa binti yake Hayat, na macho yalikuwa yanamwisha. Januari daktari alituambia wazi kwamba kuona kwake kutaisha kabla ya mwaka kuisha. Mzee hakulia. Alisema tu angetamani kuiona meli yake mara moja tena.

Ibra akaanza kazi siku hiyo hiyo. Akachonga uti wa mgongo, akapanga mbavu, kisha akabandika vibao vyembamba upande wote wa kushoto, halafu ndio akahamia kulia. Kabati hutengenezwa hivyo. Lakini gundi ilipokauka upande wa kwanza ulikuwa umeshauvuta uti, meli ikapinda kama ndizi. Ukiiweka mezani inaegemea kushoto.

"Si umpelekee tu hivyo," nikamwambia.

"Aone nini? Aibu yangu?" Akaitupa kwenye kuni.

Ya pili alijirekebisha: kibao kimoja kushoto, kimoja kulia, zamu kwa zamu. Uti ukanyooka. Lakini vibao vyote vilikuwa na upana mmoja, na mbele meli huwa nyembamba, kwa hivyo vilipofika huko vikakosa nafasi, vikapandana. Tena vilikuwa vinavunjika akivikunja, basi akavichemsha ndani ya sufuria yangu ya githeri. Sufuria yangu! Wiki nzima tulikula githeri yenye ladha ya mbao.

"Wewe Ibra, macho ya mzee hayangojei gundi ikauke!"

"Ngoja kidogo, Tausi. Nimeshajua kosa."

Hiyo ngoja kidogo yake ningeweza kuipiga na nyundo. Nilichoka. Nikaitoa ile iliyopinda kwenye kuni, nikaifunga kwa leso, nikaenda nayo Kimbo bila kumwambia mtu. Mzee aliisogeza dirishani, akaigeuzageuza karibu na pua, akacheka mpaka Hayat akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Niliwaomba wote wawili wasiniseme kwa Ibra.

Julai Ibra akaibomoa ya pili. Ya tatu alipunguza kila kibao kwa randa kuelekea mbele, kidogo kidogo, akikipima kwanza kabla ya gundi. Kama kimekataa, anaanza kingine. Na mimi niliyelalamika kila siku, lazima niseme ukweli: ilikuwa nzuri. Ukipitisha kidole huoni kibao kimeanzia wapi.

Tuliipeleka Novemba. Mzee alikuwa ameketi kitandani, uso ameuelekeza mlangoni, lakini alituuliza ni nani.

Ibra akajitaja, akamwekea meli mapajani. Vidole vya mzee vikaanzia nyuma, vikaenda polepole hadi mbele, vikarudi. Moyo wangu ulikuwa unauma kwa hasira. Miezi kumi! Angeweza kuiona.

"Kazi safi sana," mzee akasema. "Lakini yetu haikusimama wima hivi. Yetu ililala kushoto. Sisi vijana tulikuwa wavivu, tulikuwa tunamaliza makaa ya upande wa kulia kwanza, sababu ndiyo yalikuwa karibu na tanuri. Nahodha alitutukana mpaka akazoea." Akanyoosha mkono. "Hayat, nipee ile yangu."

Hayat akanitazama, kisha akaitoa chini ya mto. Ile iliyopinda, bado na alama za moshi wa jikoni kwangu.

"Hii niliiona," mzee akasema.

Ibra akanigeukia. Nikaanza kulia mimi. Yeye akaketi kando ya baba yake.

"Hiyo niliikosea, Baba. Nilibandika upande mmoja kwanza."

"Najua," mzee akasema, akiishika kwa mikono miwili. "Hata sisi."