Saa Iliyofuata Jua la Unguja

Saa ya baba haikuwa na betri wala haikutiwa ufunguo. Iliishi kwa mwendo wa mkono. "Chakula chake ni mtu," baba akituambia. "Mtu akijilaza siku mbili, nayo inajilaza." Sisi watoto tuliamini kwamba ikilala haiamki tena, na baba alipopata homa tulipokezana kuivaa, ikitufika karibu na kiwiko, tukizunguka uani kama watu waliotumwa.

Nyumba yetu iko Ibra, milima mbele na milima nyuma. Baba alizaliwa Unguja, akaja Omani angali kijana, akawa dereva wa gari la maji. Saa ile aliinunua kabla hajaoa. Ilikuwa ya fahari kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, na aliivaa kila siku: kwenye usukani, kwenye mpira wa maji, kwenye sinia ya wali. Watu walimshauri aiweke kwa ajili ya sikukuu. Aliwajibu kwamba saa inayovaliwa Idi mbili kwa mwaka itakufa njaa.

Kilichowashangaza watu zaidi ni namna alivyoiweka. Sisi Waswahili tumezoea kutazama saa, akrabu ikaonyesha sita, na mdomo ukasema kumi na mbili. Baba hakuitaka kazi hiyo. Babake, kule Unguja, aliiweka saa ya ukutani isome kumi na mbili jua likitua, naye akaiweka ya mkononi vivyo hivyo. Kwa hiyo hata kijidirisha cha tarehe, ambacho kwa wengine hugeuka usiku wa manane, kiligeuka wakati wa magharibi. Alisema ndivyo inavyopasa, kwani siku ya Muislamu huanza jua likizama, na yeye haitaki tarehe inayonyemelea watu wamelala. Tarehe yenyewe ilikuwa ya miladi, lakini hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Ila jua la Ibra si la Unguja. Wakati wa baridi huku linazama mapema, tumeshasali na akrabu za baba bado zinaitafuta kumi na mbili. Wakati wa joto linachelewa, saa imepita na sisi bado tunalitazama jua juu ya mlima. Jirani yetu alimtania baba kwamba saa yake ina wazimu. Baba akaishika kwa vidole viwili kama mtu anayemtetea mwanawe, akasema, "Saa yangu nzima. Jua lenu ndilo halina msimamo."

Kulikuwa na amri moja juu ya saa ile: tarehe haiguswi alasiri. Mwezi ukiwa mfupi, tarehe lazima isogezwe kwa mkono, na baba alimwita mmoja wetu baada ya sala ya alfajiri, akamwachia azungushe kifungo cha pembeni mpaka kijidirisha kionyeshe moja. Aliyeitwa alitembea siku nzima kifua mbele. Lakini ukiomba kuigeuza alasiri, unafukuzwa. Hakutuambia kwa nini. Mdogo wangu wa kike alisema kuna jini ndani anayelala wakati huo, na mimi, ingawa nilikuwa mkubwa, sikuwa na jawabu bora zaidi.

Mama alifariki alipomzaa kitinda mimba wetu, mwanamume pekee. Baba akamfuata, mtoto yule hajaanza hata kung'oka meno. Siku ya mazishi ami yangu, nduguye baba, aliitoa saa mfukoni mwake ikiwa bado inatembea, akanivisha mimi. "Usiiache ilale," alisema. Skuli niliiacha mwezi ule ule. Ami alitusaidia kadiri alivyoweza, nami nikajifunza kushona kofia, zile za mkono, zenye vitundu vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja.

Hapo nikagundua jambo. Anayeshona kofia hutuliza mkono wa kushoto; wa kulia ndio unaokwenda na sindano. Saa ikiwa kushoto, ilishinda na njaa, na jioni nikaikuta imesimama. Nikaihamishia kulia. Nimeivaa kulia tangu hapo, na wanawake wa soko la Jumatano, ninakopeleka kofia zangu, hunitania mpaka leo kwamba nimeivaa kinyume na inasoma kinyume, basi labda mimi pia nimeumbwa kinyume. Nikikanda unga ninayo, nikimwosha mtoto ninayo. Usiku wa homa ya mdogo wangu niliisikiliza sikioni, tik tik za haraka haraka, kama mtu mdogo anayetembea nami.

Wakakua. Mdogo wangu wa kike alisoma, akaajiriwa ofisini Nizwa, akaolewa huko huko. Kitinda mimba akapata kazi Sur, kwenye kiwanda, kazi ya zamu. Mwaka huo aliohamia Sur alinipigia simu kunambia kwamba kesho atakuja saa mbili. Nikaamka alfajiri, nikachoma vitumbua, nikapika mbatata za nazi, nikaweka chai. Alifika baada ya adhuhuri. Alikuta vitumbua vimekauka, akacheka, akavila vyote, akaeleza kuwa saa mbili ni saa mbili, yaani ile ambayo sisi tunaiita saa nane. Nilicheka naye. Lakini alipoondoka nikatambua kwamba mtoto niliyemlea nikimwambia "kalale, saa tatu hii" anahesabu siku yake kwa hesabu nyingine, na kwamba saa ya baba ilikuwa imebaki mkononi mwangu tu.

Kwa hiyo alipochumbia binti wa watu wa Sur, na mdogo wangu wa kike akaja Ibra kuniambia kwamba ile saa sasa ni zamu ya bwana harusi, nilikubali haraka kuliko nilivyotaka kukubali. Alikuwa amejitayarisha kunibembeleza. Alisema wao wawili watanichagulia saa yangu mwenyewe, nzuri kama ile au kuishinda. Nikamwambia nitachagua mwenyewe. Kisha akasema: "Dada, mimi na wewe tulimjua baba. Yeye ana nini?"

Hana kitu. Hata sura haikumbuki. Lakini nilijua pia atakachofanya. Mtu wa zamu kiwandani hawezi kuvaa saa inayosoma tatu wakati wenziwe wote wanasoma tisa. Atakivuta kifungo, atazigeuza akrabu, na ile saa ya Unguja itakwisha kwetu, bila kelele, kwa kidole kimoja. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na kwa hoja gani?

Duka la saa lilikuwa Nizwa, mbali kidogo na soko la zamani, ubaridi wake wa kukufanya utafute shali. Mwuzaji alikuwa kijana wa Kiomani mwenye adabu. Alitukaribisha kahawa, akamwelewa mdogo wangu haraka, akatoa saa ndogo za dhahabu zenye vijiwe pembeni. Mdogo wangu alizishika kama mayai. Nikamuuliza ile ya vijiwe itavumiliaje unga. Akasema, kwani lazima nikande unga nayo? Nikasema kama sikandi unga nayo, basi nitaivua, na nikiivua inalala, na kama inalala nilijia nini huku?

Basi nikamweleza kijana yule ninachotaka. Itie udhu nami bila kuingia maji. Mkanda uwe wa chuma, maana ngozi ikirowa mara tano kwa siku inanuka baada ya mwezi. Kioo kisichokwaruzwa na sindano. Isiwe nene, ipite chini ya mkono wa buibui. Tarehe niione bila miwani. Kijana akaondoa sinia ya dhahabu, akaleta nyingine, saa za chuma za kiume zisizo kubwa, na akaanza kuniheshimu kwa namna tofauti. Nikazijaribu zote mkono wa kulia, nikizungusha kiganja kama nashona. Mdogo wangu alifunika uso kwa aibu. Mwishowe nikashika moja yenye uso mweupe, akrabu nyembamba za buluu, na mgongo wa kioo unaoonyesha kile kipande cha nusu duara kinachozunguka ndani ukiitikisa. Nilikitazama muda mrefu. Miaka yote ile nilikuwa nimekibeba ndani ya saa ya baba wala sijawahi kukiona.

Kijana akaiweka saa sawa na ya ukutani kwake, akanipa, akatoa onyo analompa kila mnunuzi. Tarehe isisogezwe kwa mkono akrabu zikiwa kati ya tisa na tatu za usiku kwa hesabu ya saa yake ya ukutani, kwani wakati huo meno ya ndani yameanza kushikana yenyewe kuigeuza, na ukilazimisha unayavunja.

Nikakivuta kifungo pale pale, nikazungusha akrabu mpaka kumi na mbili yake ikaanguka magharibi. Kijana akanyoosha mkono. "Mama, umeiharibu saa," alisema kwa Kiarabu. Mdogo wangu akamtuliza, akamwambia hiyo ni saa ya Zanzibar, amwache mama. Mimi sikuwasikia vizuri. Nilikuwa nikihesabu. Saa iliyowekwa kama ya baba hufika tisa alasiri, na hufika tatu watu wameshatoka kusali isha. Hayo meno yake hushikana alasiri.

"Jini wako huyo," nikamwambia mdogo wangu.

Alichukua muda kuelewa. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Kijana alituletea maji, akajishughulisha na kufuta kioo cha meza ambacho kilikuwa safi.

Siku moja kabla ya harusi tulikuwa Sur, kwenye nyumba aliyokuwa amepanga mdogo wetu, bado ina harufu ya rangi. Aliniamkia, shikamoo dada, akakaa chini karibu na miguu yangu kama alivyokuwa akikaa utotoni. Niliivua saa ya baba. Mkono ulibaki na alama nyeupe. Nikamwekea kiganjani, nikamwambia hii ni yako, na kwa kazi yako igeuze kama inavyokufaa, sitakulaumu. Nilikuwa nimeyarudia maneno hayo njia nzima kutoka Ibra ili yatoke bila kutetemeka. Nikaongeza lile moja tu: "Ila tarehe usiiguse alasiri." Aliitazama, akanibusu mkono, akasema sawa dada.

Picha za harusi, za upande wa wanaume, zililetwa kwenye simu. Nilizikuza kwa vidole nione akrabu zinasoma nini, na kila picha mkono wa kanzu ulikuwa umeziba nusu. Miezi ikapita. Saa yangu mpya niliizoea upesi kuliko nilivyofikiri. Ni mwaminifu, haichelewi, imeshapata mkwaruzo kwenye mkanda, na tarehe yake inaruka mara moja, tak, magharibi, tofauti na ile ya baba iliyokuwa ikijikokota. Kumpigia simu mdogo wangu wa Sur nilimpigia, lakini juu ya saa sikuuliza. Jambo ukishampa mtu, umempa.

Mwaka huu Ramadhani imeangukia wakati ambao jua la huku linazama karibu sana na la Unguja. Nilialikwa kufuturu Sur. Wifi yangu alinikatalia jikoni, akaniketisha kwenye mkeka na sahani ya tende. Mdogo wangu akatoka kuoga, amevaa kanzu ya nyumbani, akakaa mbele yangu. Aliponyoosha mkono kusogeza sahani, nikaona. Saa ilikuwa mkono wa kulia. Akrabu zilikuwa karibu zikutane juu, kama zangu.

"Hukuigeuza?" nikauliza.

"Niliigeuza," alisema. "Wiki ya kwanza tu. Ikawa kila nikiitazama naona saa ya mtu mwingine. Nikairudisha. Kazini natazama ya ukutani."

"Na mkono wa kulia?"

Alishangaa. "Si ndipo inapovaliwa?"

Amekua akiiona kulia. Kwake hakuna pengine. Baba aliivaa kushoto, lakini hilo sikumwambia, na sidhani nitamwambia.

"Tarehe je?"

"Sikuigusa alasiri," alisema, uso mkavu, mpaka akashindwa, akacheka.

Tarehe yangu ikaruka, tak. Adhana ikaanza hapo hapo msikiti wa jirani. Ya baba ilikuwa bado katikati, kwenye kijidirisha nusu ya leo na nusu ya kesho, ikijikokota kama zamani. Tuliinamisha vichwa viwili juu ya mkono wake, kila mtu na tende yake vidoleni. Wifi yangu alitoka jikoni na bakuli la uji, akatuuliza kwa Kiarabu tunangoja nini, na watu wameshafuturu.