Pipa la Rubisi na Maji Magumu ya Mabira

Nilikulia Igurwa, nyumba iliyo jirani na chemchemi, na baba yangu hakuwahi kunifundisha kuosha vyombo vya pombe kwa sababu hakuona cha kufundisha. Tukimaliza kukamua ndizi tulisuuza mapipa kwa maji ya chemchemi, tukayalaza juani, basi. Rubisi yetu haikuwahi kulalamikiwa.

Nilipooa tukahamia Mabira, ambako nilipata kibanja cha migomba na kahawa. Maji ya huko tunayateka kwenye kisima cha pampu. Ukiyatazama yanang'aa, lakini ni magumu: unasugua sabuni mpaka inaisha mkononi na povu hulioni, na birika la chai limejenga gamba jeupe ndani kama ukuta uliopigwa chokaa.

Rubisi yangu ya kwanza huko niliitengeneza kwa ajili ya baba mkwe, aliyekuwa anakuja kumwona mjukuu wake. Nilitaka ijipambanue. Nikalisugua pipa kwa sabuni, na kila povu lilipogoma nikaongeza sabuni nyingine. Pipa lilipokauka lilikuwa na utandu mweupe ndani, nami nikadhani huo ndio usafi wenyewe.

Baba mkwe alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akavuta kwenye mrija. Akatazama migomba. Akameza kwa heshima.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "nepi za mtoto mnazifulia kwenye chombo gani?"

Mama mkwe akaziba mdomo kwa kanga. Mke wangu alicheka mpaka ikabidi mtoto apokelewe. Nami nikacheka, ingawa uso ulikuwa unawaka. Siku hiyo wageni walikunywa chai.

Gulio lilipofika nikaenda Nkwenda, kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka, ambaye wazazi wake walitokea Tanga. Nilimwamkia, nikamwomba sabuni kali kuliko ile niliyozoea.

"Ya kuoshea nini?"

"Pipa, mzee."

"Pipa la nini?"

Nikasita. "La juisi ya ndizi."

Akanitazama juu ya miwani yake. "Juisi ya kunywa asubuhi, au ile ya kuimbia jioni?"

Akacheka yeye mwenyewe. "Mimi pombe siijui, lakini maji yenu nayajua kwa sababu nakunywa chai. Sabuni na maji hayo havipatani. Ukiongeza sabuni unaongeza utandu. Mama yangu alikuwa akilichemshia birika ndimu, gamba linatoka lenyewe. Kwa pipa, chukua siki." Akaweka chupa juu ya meza. "Ila usiniletee nionje."

Nyumbani nilimimina siki ndani ya pipa na maji kidogo, nikalifunga, nikalilaza na kuanza kulibiringisha uani huku na huku. Mke wangu alikaa kwenye mkeka akisugua kifuniko na faneli kwa vipande vya ndimu. Nilipochungulia ndani, gamba lilikuwa linatoa vipovu vidogo na kubanduka kama ukoko wa uji. Lililobaki nililifuta kwa kitambaa. Steelwire ya kusugulia masufuria sikuthubutu kuitumia, maana plastiki ikichubuka uchachu hujificha kwenye mikwaruzo. Ua mzima ulinukia kachumbari.

"Sasa usilirudishie maji ya kisima," mke wangu akasema, akanisogezea ndoo ya maji ya mvua tuliyoyakinga kwenye bati. Nikasuuza mara kadhaa bila sabuni. Nilipopitisha kidole ndani, plastiki ililia kwii. Kelele ile ilinifurahisha kama mtoto.

Tukakamua tena, tukatia unga wa mtama uliokaangwa, tukafunika kwa majani ya migomba. Ilipoiva, baba mkwe alifika tena, safari hii na bodaboda, akavuta mrija kwa tahadhari ya mtu anayeonja dawa.

"Hii umeazima kwa nani?" akauliza.

"Ni ya humu humu, baba."

Akavuta tena. Kufika alasiri alikuwa anamwimbia mjukuu wake, na alipoondoka alibeba kidumu kimejaa.

Siku chache baadaye dereva yule yule wa bodaboda aliyemleta alirudi peke yake, na nyuma ya pikipiki amefunga pipa kuukuu kwa mipira. Nilichungulia ndani. Gamba lake lilikuwa nene kuliko langu mara nyingi.

"Baba mkwe wako anakusalimu," akasema akifungua mipira. "Anasema uliogeshe na hili."