Mwanamke wa Kisanduku Kitupu

Mwaka 2022, wakati wa kiangazi, nikiwa na umri wa miaka sitini na moja, nilizungumza mchana kweupe na mwanamke aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Sisimulii ndoto, wala sikuwa na homa. Nilianza shule nikiwa na miaka thelathini na minne, na mtu aliyechelewa kujua kusoma hujizoesha kukiangalia kitu mara mbili kabla ya kusema amekiona. Hiki nilikiangalia zaidi ya mara mbili.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari hapa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura. Alifariki mwezi wa kwanza wa mwaka huo. Eda yangu ilimalizika mwezi wa tano, na juma lile lile akashuka Haruna kutoka kwenye jumba lake la Kiriri, mlimani kwa matajiri, lililojengwa kwa fungu la baba yake. Haruna ni mtoto wa baba mkubwa wa mume wangu, nami humwita shemeji. Mume wangu alimtengenezea kila gari alilowahi kupanda. Siku hiyo hakuketi. Alisimama ukumbini akanieleza kwamba kiwanja ninachokalia kilikuwa cha babu yao, Mzee Ramadhani, mshona nguo aliyetoka Ujiji. Kwamba baba yake yeye alizaliwa na mke halali, Bibi Salama wa Ujiji. Na kwamba baba wa mume wangu alikuwa mtoto wa mtumishi tu, aliyelelewa humo kwa huruma. Hivyo mume wangu hakuwa na fungu, na mimi nilitakiwa kuhama kabla ya mvua.

"Mama Zubeda, usikasirike," alisema. "Mi sikufukuze. Ni damu ndiyo inakufukuza."

Wewe ungefanya nini? Mimi niliapa kwamba nitaitafuta damu hiyo mpaka niipate, kisha nitamnywesha.

Binti yangu Zubeda, aliyeko Ubelgiji, alinisajili katika huduma ya mtandaoni ya kutafuta ukoo, ile ya kulipiwa kwa mwaka. Alitaka iwe zawadi; nilikataa, nikamrudishia fedha zake. Habari ilimfikia Haruna, naye kwenye harusi moja akanitania mbele ya wanawake wote: "Huyu mama amejua kusoma juzi, leo anatafuta babu zetu mu telefone!" Walicheka. Wawili kati yao nilikuwa nimewazalisha kwa mikono yangu.

Sasa nisikilize, kwa maana wengi hulipa huduma hizi kisha hukaa wakingoja kama mtu aliyeagiza chai. Mashine ile inajua vitabu vya makanisa ya Ulaya, Buyenzi haiijui. Ukitaka ikufae, uifundishe kwanza. Nilienda kwa wazee, nikauliza majina, nikauliza nani alimzaa nani, na kila jibu nikaliandika pamoja na jina la aliyelitoa. La shaka nililiandika kuwa la shaka. Picha zote nilizipiga upya kwa simu nikazipandisha mtandaoni. Kisha niliuacha mti wangu wa ukoo wazi kwa wengine, na nikawaandikia wenye miti iliyofanana na wangu, kwa adabu, bila kuchoka.

Mmoja akajibu: mzee wa Kigoma, mjukuu wa mdogo wake Mzee Ramadhani. Katika mti wake Mzee Ramadhani alikuwa na wake wawili. Wa kwanza ni Bibi Salama. Wa pili alikuwa na kisanduku kisicho na jina, kilichokuwa na picha tu: mwanamke kijana kando ya cherehani, ameugeuzia ukuta uso wake, unaonekana ubavu wa kushoto peke yake. Ncha ya sikio la kushoto ilikuwa imekatika. Mzee yule hakujua zaidi ya hapo.

Alhamisi, tarehe 14 Julai, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani nikikihamishia kisanduku kile kwenye mti wangu. Mashine ikaniletea pendekezo: yaelekea wake hawa wawili ni mtu mmoja, je, niwaunganishe? Kitu kimoja cha kubonyeza, na mti ungekuwa nadhifu. Nilibonyeza kukataa. Nilisema hata kwa sauti, "Hawa ni wawili."

"Amahoro," mtu akajibu mlangoni, kwa salamu ya Kirundi.

Hapa kwetu mtu huingia kwa salamu ya Kiislamu, ndiyo sababu niliinua macho upesi. Alisimama kijana wa kike mwenye kitenge kilichopauka, ameniwekea ubavu wa kushoto. Niliiona ncha ya sikio. Mafundi wa jirani walikuwa wanagonga mabati. Niamini, nilisikia kila nyundo.

Nilimkaribisha aketi, nikapita nyuma yake ili nivute kigoda. Nilipotokea upande wa kulia, upande wa kulia haukuwepo. Ulikuwa ubavu ule ule wa kushoto, sikio lile lile, jicho lile lile likitazama ukutani. Nilirudi nilikotoka: kushoto. Nilisimama mbele yake: kushoto. Niliuma ulimi wangu nikaonja damu, nikajua niko macho.

"Maji utakunywa?" nilimuuliza, kwa kuwa sikujua nini kingine humuuliza mtu wa namna ile.

"Mi sikuje kunywa. Ni we umekataa kunifunga mu mutu mwengine. Ndiyo nimekuja."

"Wewe ni nani?"

"Ciza. Nimetoka huko milima ya juu ya Kanyosha. Salama hakuzaa hata mumoja. Watoto yote watatu ya hii nyumba ni ya tumbo yangu, yule mukubwa, yule mudogo na yule musichana. Alinipokonya, akawafundisha kumwita yeye mama. Walinitoa mu kinywa ya watoto yangu."

Nilimwambia kwamba mjukuu wake Haruna anataka kunitoa nyumbani kwa jina la Salama.

"Usimuhurumie mbio," alisema.

Nilipoinama kuokota simu iliyoniponyoka, mlango ulikuwa mtupu. Niliogopa, sikatai. Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na furaha, na furaha hiyo haikuwa njema.

Sikumwambia mtu. Nilingoja baraza la familia, ambalo Haruna mwenyewe aliliitisha Jumamosi, tarehe 24 Septemba, ili wazee wanishuhudie nikihamishwa. Imamu alikuwepo, na mkuu wa mtaa. Alikuwepo pia Bi Mwamini, shangazi yake Haruna na binti wa mwisho wa Mzee Ramadhani, kikongwe aliyekuwa akimuunga mkono Haruna kwa kila neno. Haruna alisema kwa muda mrefu juu ya Ujiji. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema neno moja.

"Ciza."

Bi Mwamini aliiacha tasbihi yake ianguke. "Nani amekuambia jina ya mama?" aliuliza.

Kikongwe yule alilisikia alilolisema, na kwa kuwa halikuweza tena kurudi, alilia akatoa yote: watoto watatu, tumbo moja, la yule yule aliyeitwa mtumishi, na Salama aliyewakataza kumtaja. Baba yake Haruna na baba wa mume wangu walinyonya ziwa moja. Haruna alisema, "Shangazi, umezeeka." Imamu akamwambia anyamaze.

Nilimuuliza shemeji yangu mbele yao, kwa upole: "Kama mtoto wa mtumishi hana fungu, we na Kiriri yako mutaenda kukaa wapi?"

Hata leo sentensi hiyo huniletea usingizi mzuri.

Hata hivyo nikuonye, wewe unayefikiria kulipia huduma kama ile. Mwaka uliofuata muda wangu ulipokwisha, niliona nimekwishapata nililolitaka, nikaacha kulipa. Mti ukafungwa, hata mimi nisiweze kuufungua. Alasiri ya tatu nilimkuta Ciza barazani, ubavu wa kushoto, kimya. Nililipa upya jioni ile ile. Nimeupakua mti wote, nimeuchapisha, nakala moja iko kwa Zubeda, lakini Ciza hataki karatasi. Anataka mahali ambapo watu wanapita na kumwona. Sasa nalipa kila mwaka kabla muda haujaisha, na Zubeda ameahidi ataendelea nikifa. Kwa hiyo kabla hujauliza kama fedha yako itakuletea faida, jiulize ni nani utakayemwita, na kama uko tayari kukaa naye maisha yako yote. Na mashine ikikushauri kuunganisha watu wawili ili mti upendeze, nenda kwanza ukawaulize wazee.

Shauri lenyewe lilimalizwa rasmi Jumatano, tarehe 5 Oktoba 2022, katika ofisi ya mkuu wa mtaa. Haruna alitia sahihi kwamba nyumba ni yangu na ya watoto wangu, na kwamba yeye wala uzao wake hawatadai tena. Alitaka kuondoka. Nilimwambia hatujamaliza, nikaweka simu mbele yake, kisanduku kitupu cha Ciza, nilichokuwa nimekiacha makusudi bila jina, kikiwa wazi.

"Andika jina lake, shemeji."

"Mama Zubeda, si tumekwisha?"

Alimtazama mkuu wa mtaa. Mkuu wa mtaa alitazama dirishani. Haruna akaandika kwa kidole gumba, herufi nne.

"Imeisha?"

"Bado. Sasa ongeza: mama mzazi wa baba yangu. Na usome kwa sauti, watu wasikie."

Aliongeza, akasoma. Alikatisha katikati, nikamtaka aanze upya. Alipofika mwisho nilichukua simu yangu nikamruhusu aende.