Salamu ya Kichwa Katika Chumba cha Vinega

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya Kitengela, Sista Mkuu alinipa aproni na chupa ya vinega. Nikafikiri tunakaanga chipsi. Alicheka, akanieleza kwamba hiyo hupakwa kwenye shingo ya kizazi. Ngozi ya pale imefunikwa na seli bapa, zimepangana kama magamba ya samaki. Kuna kirusi kinaitwa HPV. Wengi hukipata kwa kujamiiana, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Kikikataa kutoka, huzivuruga zile seli polepole, miaka na miaka, mpaka inakuwa saratani. Ukipaka vinega, palipoanza kuharibika panageuka peupe.

"Hapo ndipo tunaiwahi," alisema Sista.

Mimi niliishia darasa la nane, lakini jioni ile nilijiona daktari kabisa. Kazi yangu ilikuwa kuwaleta akina mama, kuwatuliza, kushika tochi.

Baadaye nikapelekwa Kajiado, chini ya Muuguzi Msimamizi, kijana Mmaasai mwenye adabu sana. Huko nilimjua Mama Naserian, muuza vitunguu kutoka Kimana. Hedhi yake ilishakoma, lakini alikuwa anatoka damu tena. Nilimbembeleza mpaka akakubali kuja. Alipoingia, Muuguzi alimwinamishia kichwa, vile vijana wa kwao husalimu wazazi. Mama akamgusa utosini. Halafu akakataa kupanda kitanda.

"Yeyo, ni dakika chache tu," Muuguzi alimsihi.

"Umeniita mama. Umenipa kichwa, nikakigusa. Sasa nikuvulie nguo vipi, mwanangu?"

Mimi akaniambia niko na mdomo mtamu, afadhali nikamuuzie vitunguu; atarudi akiletwa muuguzi mwanamke.

Alirudi baada ya mvua ndefu. Vinega haikuhitajika, donda lilionekana kwa macho. Nairobi wakasema saratani imeenea. Tulimzika Kimana.

Mgongo umenistaafisha kabla ya mvi. Siku hizi mama anaweza kupewa kijiti chenye pamba, ajichukulie sampuli mwenyewe nyuma ya pazia, na wasichana wadogo wanadungwa chanjo ya HPV. Bado naota siku chumba kile kitakosa wagonjwa kabisa.

Yule Muuguzi hainamishi tena kichwa kazini. Huwapa akina mama mkono tu, kama mgeni. Huko nje wanasema masomo yamemtia madharau. Anawasikia. Anapangusa kitanda, anaita anayefuata.