Fundi mwashi aliyeficha kikapu chini ya shuka

Saa moja kasorobo asubuhi, jua bado halijafika barazani. Fundi Timazi ameketi kwenye kiti cha mbao kilichopunguzwa miguu, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, magongo mawili yameegemea ukuta. Kando yake kuna beseni la maji lenye ukindu uliolowekwa tangu jana, majani membamba ambayo yakikauka huvunjika na yakilowa hutii.

Anachomoa jani moja, anakung'uta maji, analitunga kwenye sindano nene. Mkono wa kulia unashikilia fungu la nyasi, wa kushoto unapitisha sindano. Chini, juu, vuta. Anasugua mshono kwa kidole gumba, kisha anaendelea.

"Huu ni msingi," anasema bila kuinua macho. "Ukikosea hapa, huko juu utakuwa unapamba tu."

Anachosuka ni kitako cha kikapu, duara lenye upana wa sahani kubwa. Atakimaliza kesho kutwa, kisha ataanza kingine. Kwa mwezi anatoa vitako kumi na viwili, na vyote vina wenyewe kabla havijakauka.

Miaka minne iliyopita, mkono huo huo wa kushoto ulishika mwiko wa kujengea. Fundi huyu mwenye umri wa miaka 57 amejenga kuta kwa miaka thelathini. Jina la Timazi alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya ile kamba yenye chuma mwishoni ambayo mwashi huitumia kupima kama ukuta umesimama wima. Wenzake wanasema yeye alikuwa akifumba jicho moja tu na kusema, "Umelala kidogo huku," na kamba ikiletwa inakubaliana naye.

Halafu jukwaa likakatika. Alikuwa juu ya ghorofa ya pili, anapanga mistari ya mwisho ya matofali. Anachokumbuka ni sauti ya mbao, basi.

Nyonga ilivunjika, na paja likavunjika mahali pawili. Alifanyiwa upasuaji mara mbili, akalala kitandani miezi saba, na hata baadaye sehemu kubwa ya siku ilimkuta kitandani. Daktari alimwambia atatembea, lakini ngazi azisahau.

"Mwashi asiyepanda ni nini?" anauliza, kisha anajijibu mwenyewe. "Ni mtu wa kuchanganya udongo. Na hata udongo nisingeweza kuinama kuuchanganya."

Mkewe, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Sindano, alikuwa msusi tangu hajaolewa. Katika maonyesho ya kijiji ya maua, mazao na kazi za mikono, vikapu vyake vilishika nafasi ya kwanza miaka minne mfululizo. Mume alipoumia, vikapu hivyo ndivyo vilivyoweka chakula mezani. Kikapu kimoja kikubwa humchukua siku tisa, na bei yake ni sawa na ujira wa siku mbili wa fundi mwashi.

"Nilikuwa nasukia pale pale kitandani pake, ili nimsikie akiita," anasimulia Mama Sindano akiwa mlangoni, anachambua nyasi. "Siku moja nikatoka kuchota maji. Niliporudi, nikakuta mzee wa watu ameshika sindano yangu. Nikajifanya sijaona."

Fundi anacheka kidogo. "Aliona. Aliniachia sindano nyingine juu ya kiti."

Alianza kwa vitako, kwa sababu vilitosha juu ya kifua akiwa amelala. Miezi ilipopita, vitako vyake vikawa vinakaa mezani bila kuyumba, imara na bapa kuliko vya mkewe aliyemfundisha. Wakagawana kazi: mume anasuka kitako, mke anasuka ubavu, kisha mke anaunganisha.

Lakini hakuna aliyejua. Kijijini hapo ususi ni kazi ya wanawake, hivyo tu, hakuna aliyeiandika popote. Fundi Timazi aliona ameshapoteza mguu, asingependa kupoteza na heshima.

"Nikisikia hodi, kitako kinaingia chini ya shuka," anasema. "Wageni wananipa pole, mimi nimelalia sindano. Mara moja ilinichoma, nikapiga kelele, wakadhani ni nyonga."

Siri hiyo ilianza kuyumba kwenye maonyesho ya mwaka jana. Mama Sindano alichagua kikapu kimojawapo kati ya vile vya mikono miwili, wake na wa mumewe, akakipeleka kwa jina lake.

Kwa nini hakupeleka chake mwenyewe? Anaacha kuchambua nyasi kabla ya kujibu.

"Kitako kile kilikuwa kizuri kuliko changu chochote. Nilitaka watu wakione, hata kama hawajui ni cha nani. Kilikuwa kinaniuma, kitu kizuri vile kukaa chini ya shuka."

Jaji wa kazi za mikono ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, mama mwenye miwani ya kamba ambaye hajawahi kuharakishwa na mtu. Wote wanamwita Mwalimu tu. Alikigeuza kikapu juu chini, akapitisha kidole, akakigeuza tena. Mishono ya kitako ilizunguka kwenda upande mmoja, na ya ubavu ilizunguka kwenda upande mwingine.

"Hii ni mikono miwili," alisema Mwalimu mbele ya watu. "Fomu inasema kazi ya mshiriki peke yake. Mama, kitako hiki umekitoa wapi?"

Mama Sindano alinyamaza. Angeweza kusema neno moja tu, "kwangu," au "kwa mume wangu," na mambo yangeishia hapo. Hakulisema. Kikapu kikaondolewa kwenye ushindani, na mchana huo huo maneno yakaanza kutembea: kumbe ananunua mjini, kumbe hata vile vya miaka minne vilikuwa vya dukani. Kikundi cha wasusi kikaacha kumwita kwenye vikao. Wateja wawili wa siku nyingi wakahama.

Nyumbani alimwambia mumewe, "Mwaka huu hawakukipenda." Akakitia vitunguu kile kikapu, akakiweka jikoni.

Fundi Timazi aliupata ukweli wiki tatu baadaye, kwa Saruji, mwashi mwenzake aliyejenga naye tangu ujana. Saruji alikuja kumjulia hali, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Shemeji siku hizi anatuuzia vya dukani," alisema Saruji akicheka. "Mwalimu kamkamata peupe. Watu wameongea mpaka wamechoka."

Kitako kilichosukwa nusu kilikuwa chini ya shuka wakati huo, kimegusa goti la mgonjwa.

Hapa Fundi Timazi anaiweka kazi chini kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Unajua nilifanya nini?" anauliza. "Nilicheka naye. Yeye anamcheka mke wangu, na mimi nacheka. Kuanguka kwenye jukwaa hakukuniuma hivyo."

Hakumwambia mkewe siku hiyo, wala wiki hiyo. Ilimchukua miezi mitano. Siku aliyosema, walikuwa wanakula chakula cha mchana.

"Mama watoto, najua walichokuita kule kwenye maonyesho."

"Kula, chakula kinapoa."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Ningewaambia nini? Siri si yangu. Ningekuwa nimekuvua nguo mbele ya watu."

"Na wewe wakakuvua."

Mama Sindano alimwongezea chakula, akasema, "Mimi nina nguo nyingi."

Fundi anasema alilisikia jibu hilo kila siku kwa mwezi mzima, hata alipokuwa peke yake. Fomu za maonyesho ya mwaka huu zilipotoka, alichukua magongo yake na kwenda ofisi ya kijiji, mwendo wa dakika kumi ambao kwake ni wa dakika arobaini.

Karani alimkaribisha, akachukua kalamu. "Unamwandikisha mama?"

"Ameshajiandikisha. Niandike mimi."

"Upande wa mazao? Una maboga?"

"Ususi."

Karani alimtazama, akamtazama tena. "Ususi," alirudia, na akaandika bila kuuliza zaidi.

Maonyesho yalifanyika wiki mbili zilizopita, siku ya Jumamosi, katika ukumbi wa shule. Maua yalikuwa upande wa dirishani, yamesimama kwenye chupa na makopo yaliyofunikwa karatasi. Katikati kulikuwa na nyanya tano tano kwenye sahani, mahindi, asali, na maboga yaliyobebwa kwa toroli. Kazi za mikono zilikuwa meza ya mwisho: vitambaa vya kufuma, vyungu, mikeka, vikapu.

Fundi Timazi aliingia na kikapu kamili kimening'inia begani, kitako na ubavu vyote vya mkono wake. Ndani yake kulikuwa na kitako kingine, kimefika nusu. Mwalimu alipofika mezani, fundi alimwomba jambo moja.

"Mwalimu, nipe kiti. Nataka nisuke hapa, unione."

"Sheria haidai hivyo," alisema Mwalimu.

"Najua. Naomba tu."

Akapewa kiti. Akachomoa sindano mfukoni, akaanza. Watu wa maboga wakasogea, wa maua nao wakasogea. Saruji, aliyekuwa amesimama karibu na boga lake kubwa, alibaki pale pale, ameweka mkono juu ya boga kama mtu anayeshikilia mtoto asikimbie.

Mwalimu alivaa miwani, akainama.

"Wewe ni mashoto?"

"Tangu kuzaliwa, Mwalimu."

"Kwa hiyo kazi yako inazunguka huku." Akachora duara hewani kwa kidole, kinyume cha saa. Wote waliokuwa karibu wakaona amekumbuka. "Kile kikapu cha mwaka jana."

"Kitako ni changu," alisema fundi. "Ubavu ni wa mke wangu. Hakununua popote. Alinyamaza kwa ajili yangu, kwa sababu mimi niliona haya. Na wapo walioniletea habari hiyo nyumbani, nikacheka nao. Sasa naona haya ya hilo, si ya sindano."

Mwalimu alivua miwani ikaning'inia kifuani. Akazunguka meza mpaka alipokuwa Mama Sindano.

"Mama, niliiona mikono miwili, na kweli ilikuwa miwili," alimwambia. "Lakini nilikuuliza mbele za watu kama mwizi. Nisamehe. Kikapu chenyewe kiko wapi?"

"Jikoni. Kina vitunguu."

Watu wakacheka, na Mwalimu akacheka pia. Mama Sindano mwenyewe anasema sheria ilikuwa sawa, na kwamba kosa lake analijua. "Niliandika jina moja kwenye kazi ya watu wawili. Asingelikamata yeye, angekuwa jaji gani?"

Matokeo yalitolewa alasiri. Mama Sindano alipata nafasi ya pili, na kikapu cha mumewe hakikupata kitu. Kadi iliyoachwa juu yake, ambayo sasa imebandikwa ukutani barazani, ina maneno ya Mwalimu kwa mwandiko wa ubaoni: *Kitako: bora kuliko vyote mezani. Ubavu: umelala.*

"Miaka thelathini," anasema Fundi Timazi, akitikisa kichwa. "Miaka thelathini sijalaza ukuta."

"Nilimwambia asivute sana upande mmoja," mkewe anajibu kutoka mlangoni. "Fundi wa watu haambiwi."

Wiki iliyofuata, mwenyekiti wa kikundi cha wasusi alikuja kuomba radhi, na kabla hajaondoka aliagiza vitako vinne. Wengine wakafuata. Wapo vijana waliopita nje wakisema maneno, na fundi anakiri yalimchoma, ila si kwa kiasi alichokuwa akikiogopa chini ya shuka.

Saruji alikaa siku tisa bila kuonekana. Siku ya kumi alifika na baiskeli iliyobeba mzigo wa nyasi ndefu, zilizokatwa vizuri na kufungwa mafungu. Akaushusha mlangoni.

"Zimenizidi kule shambani," alisema, akamsalimia shemeji yake akiwa ametazama chini, na kuondoka.

"Nyasi hazimzidi mtu," anasema fundi. "Lakini nilizipokea. Ndizo hizi ninazosukia."

Kamati ya maonyesho imekubali kwamba mwakani kutakuwa na kundi jipya la ushindani, kazi ya watu wawili, majina mawili kwenye kadi moja. Mume na mke hao wameshaanza kubishana kuhusu watakachopeleka. Mama Sindano anataka kikapu cha kawaida, kidogo na safi. Mumewe anataka kikapu chenye mfuniko, kinachomfika mtu kiunoni, ambacho hakijawahi kuonekana katika ukumbi ule. Ameshapima upana wa kitako chake kwa mikono miwili, na duara la kwanza, dogo kama kifungo cha koti, liko tayari kando ya beseni.

"Hakitapita mlangoni," mkewe anamwambia.

Fundi Timazi anafumba jicho moja, anautazama mlango wa nyumba yake, kisha anaurudisha uso kwenye sindano.

"Nitaupanua," anasema. "Si ni mimi niliyeujenga?"