Hale Alipiga Simu Umeme Ukiwa Umekatika

Kila ninayemsimulia jambo hili huniambia nilisinzia. Sikusinzia. Mtu aliyekaa kwenye swichibodi ya simu miaka yote niliyokaa mimi anajua tofauti ya usingizi na laini iliyo wazi. Macho yangu hayajaona tangu utotoni, lakini masikio yangu hayajawahi kunidanganya. Nisikilize kwanza, kisha amua mwenyewe.

Nilikuwa opereta katika ofisi ya shamba moja la mkonge, Korogwe. Shamba lilipobinafsishwa, mwenye mali mpya alileta simu za kisasa zisizohitaji opereta, nami nikaambiwa asante. Nikahamia Handeni kwa dada yangu Zaina, muuza mitumba minadani. Alfajiri anadandia lori la kwenda Kwamsisi au kwingineko, jioni anarudi kachoka hata salamu inamshinda. Mchana kutwa nabaki na kuku. Kuku wana mazungumzo gani?

Mwanawe aliye Dar ndiye aliyeniletea kompyuta kuukuu, kaitia programu inayonisomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Inasoma Kiswahili kama Mzungu mwenye mafua, lakini inasoma. Nikasema sasa na mimi nitacheza magemu kama watu. Wapi! Nafungua gemu la karata, kimya. Nafungua la mpira, muziki unalia kidogo, programu inaniambia "picha", halafu inanyamaza. Picha, picha, picha! Yaani yote yametengenezwa kwa wenye macho, sisi wengine kazi yetu kusikiliza wao wakishangilia. Iliniuma, sikufichi.

Nikafunga safari hadi Korogwe, kwenye duka la intaneti karibu na stendi, nikamwomba binti wa pale anitafutie gemu la sauti tupu. "Shikamoo mzee. Magemu ya hivyo mbona hakuna," akasema. Nikarudi tena, na tena, mpaka akalipata akanitilia kwenye sidii. Humo unatembea ndani ya nyumba kubwa usiyoijua, unafuata maji yanayodondoka mahali. Yakisikika sikio la kushoto, unageuka kushoto. Ukikosea, unasikia umejigonga ukutani. Niamini, siku ya kwanza nilicheka mpaka kuku wakakimbia. Kisha nikatafuta wa kumwambia nacheka nini, nikamkosa.

Siku hiyo ninayoisema Zaina alikuwa mnadani. Nilikuwa nimepotea ndani ya ile nyumba, kila upande ukuta. Mara umeme ukakatika, maana zilikuwa zama za mgawo. Feni ya kompyuta ikafa, redio ya jirani nayo ikakoma. Nikabaki na hedifoni masikioni, na maji yakaendelea kudondoka.

Wewe ungefanyaje? Mimi niliipapasa mashine, nikakuta imeanza kupoa. Ndipo sauti ya mwanamke ikasema, karibu kabisa, "Korogwe, Hale hapa. Geuka kulia, umepita mlango."

Sauti ile niliijua. Hale alikuwa opereta mwenzangu. Kwa miaka mingi tuliunganishiana simu za wakubwa, na laini zikitulia tunapiga soga: mvua ya huko, bei ya mchele, nani kaoa. Hatukuwahi kukutana. Maopereta tuliitana kwa majina ya vituo, na jina lake, Rehema, nililijua msibani. Malaria ilimchukua tukiwa bado kazini. Niliongozwa hadi kaburini, nikatia udongo kwa mkono wangu huu.

Nikageuka kulia. Nilibonyeza kitufe cha mashine iliyozimika, nikasikia mlango ukifunguka. "Sasa nyoosha," akasema. Tukaenda hivyo chumba baada ya chumba, yeye anaelekeza, mimi nafuata. Niliogopa, ndiyo. Lakini sikuwa nimefurahi namna ile tangu nitolewe kazini.

Maji yakawa karibu sana, naye akanyamaza. Opereta mwenzako akinyamaza kwenye laini kuna swali moja unalomuuliza, na mdomo wangu ukauliza kwa mazoea. "Hale, nikuunganishe na nani?"

"Na wewe," akasema. "Niunganishe na wewe, Korogwe. Huku sina wa kuongea naye."

Nilielewa. Ningeyafikia yale maji, Zaina angerudi akanikuta kitini nimekuwa wa baridi. Nani angempokea mizigo yake jioni? Nikafungua mdomo nikatae, yakatoka yale maneno tuliyomjibu kila mpigaji tuliyeshindwa kumpa laini: "Simu inatumika, Hale. Jaribu tena baadaye."

"Sawa," akasema. "Nitajaribu." Maji yakakoma.

Zaina alinikuta nimelowa jasho, akaniuliza nacheza nini na umeme hakuna. Sidii ile haijafunguka tena. Yule binti kanitafutia nyingine za sauti, ninazicheza. Lakini kila mgawo ukitushukia, kabla sijanyanyuka, nasikia tone moja sikio la kulia. Halafu nasikia mtu anavuta pumzi, kama anayesubiri kupokelewa upande wa pili.

Basi nakuonya, wewe unayeshinda peke yako na mashine yako. Ukiitwa na mtu uliyemzika, mwambie hapana. Usimwambie baadaye. Mimi nilimwambia simu inatumika, na tangu nitoke kazini simu yangu hakuna anayeipiga. Yeye hilo analijua. Ndiyo maana umeme ukikatika, hedifoni sizivui upesi.